Kulinganisha Shule za Umma za Mkataba Katika Kaunti ya Nevada, California: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shule ya umma ya mkataba ni shule ya namna gani?

Ni shule ya serikali inayogharamiwa na kodi za wananchi, isiyotoza karo na isiyofuata dini yoyote, ambayo kwa kawaida huendeshwa na bodi yake yenyewe kwa mkataba ulioidhinishwa na wilaya ya shule au na bodi ya elimu ya kaunti. Mkataba huo ni waraka mrefu unaoeleza shule itafundisha nini, kwa mbinu gani, itapimwaje, na italazimika kufanya nini iwapo itafungwa. Jimbo la Minnesota ndilo lililotangulia kupitisha sheria ya shule hizi mwaka 1991, na California ikafuata mwaka 1992. Tangu 2019 sheria ya California hairuhusu kampuni ya kibiashara kuendesha shule ya aina hii, kwa hiyo mzazi anayedhani kwamba ni shule binafsi zilizobadilishiwa jina anapaswa kuliweka wazo hilo kando.

Kwa nini ukurasa huu unaizungumzia Kaunti ya Nevada?

Kwa sababu ni kaunti ya mashambani na milimani ambayo, licha ya kuwa na wakazi 102,241 tu kwa sensa ya 2020, ina shule nyingi za mkataba za aina tofauti mno. Msomaji asiichanganye na jimbo la Nevada lililo jirani yake. Kaunti hii iko kaskazini mwa California, makao yake makuu ni mji mdogo wa Nevada City, na miji mingine miwili inayojulikana ni Grass Valley na Truckee. Ni eneo la migodi ya zamani ya dhahabu, na mgodi mkubwa kuliko yote, Empire, ulifungwa mwaka 1956. Watu wametawanyika kwenye misitu na mabonde, wilaya za shule ni ndogo na ni nyingi, na baadhi yao zina shule moja au mbili tu. Mengi yanayosemwa hapa kuhusu sheria yanahusu California nzima. Yanayohusu umbali, theluji na idadi ndogo ya wanafunzi yatamfaa pia mzazi anayeishi katika kaunti nyingine ya mashambani.

Shule zilizopo zinatofautianaje?

Hili ndilo swali la kuanza nalo, na kwa maoni yetu lina uzito kuliko lile la alama, kwa kuwa shule hizi hazifanyi kazi moja kwa viwango tofauti bali zinafanya kazi tofauti kabisa.

Yuba River Charter School, iliyoanza mwaka 1994 na inayotajwa kuwa shule ya kwanza ya mkataba nchini Marekani kufuata mbinu za Waldorf, hufundisha kuanzia chekechea hadi darasa la nane. Mbinu hizo zilianzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919 chini ya Rudolf Steiner. Kusoma na kuandika kwa utaratibu huanza baadaye kidogo kuliko shule za kawaida, kazi za mikono, muziki na hadithi huchukua sehemu kubwa ya siku, kompyuta hukwepwa katika madarasa ya chini, na mwalimu mmoja hukusudiwa kukaa na watoto walewale kwa miaka kadhaa. Mzazi anayetaka mtoto wake wa miaka sita awe anasoma vitabu kufikia Krismasi hatakuwa na amani hapo, hata kama shule ni nzuri.

Grass Valley Charter School hutumia utaratibu wa EL Education, uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na ushirikiano wa Outward Bound, shirika la mafunzo ya vitendo nje ya darasa, na Chuo Kikuu cha Harvard. Wanafunzi huchunguza mada moja kwa majuma mengi, huenda nje kuitazama kwa macho yao, kisha huiwasilisha kazi yao mbele ya watu. Shule hii iko chini ya wilaya ya Grass Valley moja kwa moja, tofauti na nyingine zenye bodi zinazojitegemea, na tofauti hiyo inahusu nani anaajiri walimu na nani anapokea malalamiko. Katika ngazi ya sekondari, Sierra Academy of Expeditionary Learning inafuata njia hiyohiyo ya kujifunza kwa uchunguzi.

Nevada City School of the Arts huingiza sanaa katika masomo yote hadi darasa la nane. Forest Charter School, kwa upande wake, haina siku ya kawaida ya darasani kwa kila mwanafunzi: familia hupangiwa mwalimu msimamizi, hupanga naye masomo, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, huku mtoto akihudhuria vipindi vichache anavyochagua. Twin Ridges Home Study Charter School nayo huhudumia familia zinazofundisha watoto wao nyumbani. Hizi si zote, lakini zinatosha kuonyesha kwamba kuziweka zote katika jedwali moja na kuzipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho ni kazi isiyo na maana kubwa.

Basi shule ipi ina matokeo bora ya mitihani?

Wasomaji waliosoma Tanzania wamezoea kusubiri orodha ya shule kumi bora, desturi ambayo Baraza la Mitihani lenyewe liliiacha mwaka 2023. California haitoi orodha ya namna hiyo. Inatoa matokeo ya mtihani wa jimbo wa Kiingereza na hisabati, unaofanywa na wanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane na wa darasa la kumi na moja, yakiwa katika ngazi nne, kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Matokeo hayo yako wazi mtandaoni kwa kila shule, na mzazi anapaswa kuyasoma, ila ayasome akijua mambo manne.

La kwanza ni uchache wa wanafunzi. Katika shule ambayo darasa la tano lina watoto 22, mtoto mmoja ana uzito wa zaidi ya asilimia 4 ya matokeo yote ya darasa hilo, hivyo familia tatu zikihama, shule inaweza kuonekana imepanda au imeporomoka ilhali walimu ni walewale na wanafundisha vilevile. Kwa kulinda faragha, jimbo halichapishi matokeo ya kundi lenye wanafunzi 10 au pungufu, na ndiyo maana mzazi anayetafuta matokeo ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika shule hizi mara nyingi hukuta nyota tu badala ya namba. Dawa yake ni kuangalia miaka mitatu au minne kwa pamoja, na kuangalia shule nzima badala ya darasa moja.

La pili ni kwamba sheria ya California inamruhusu mzazi kuandika barua na kumwondoa mtoto wake kwenye mtihani huo. Katika baadhi ya shule zenye falsafa ya kupunguza mitihani, familia zinazofanya hivyo si chache, na hapo asilimia ya waliofaulu inaeleza habari za waliobaki tu. Kabla ya kuangalia ufaulu, angalia kiwango cha ushiriki. Jimbo lenyewe linatarajia kisipungue asilimia 95.

La tatu, mtihani hufanywa kwenye kompyuta. Mtoto wa darasa la tatu katika shule inayokwepa kompyuta kwa makusudi anaweza kuwa anajua jibu na bado akahangaika na kibodi. Si ajabu, basi, shule ya Waldorf ikawa na matokeo ya chini katika madarasa ya awali na ya juu zaidi darasa la saba na la nane. Yanayofaa kulinganishwa ni matokeo ya madarasa ya juu, baada ya shule kupata muda wa kukamilisha kile ilichoahidi.

La nne linahusu takwimu za kaunti. John Muir Charter Schools, yenye mkataba wake katika Kaunti ya Nevada, huhudumia vijana wa umri wa miaka 16 hadi 25 katika maeneo mengi ya California, wengi wao wakiwa walikwishaacha shule na sasa wanafanya kazi katika vikosi vya uhifadhi wa mazingira au vituo vya mafunzo ya ajira. Kwa kuwa mkataba uko hapa, wanafunzi wake huhesabiwa hapa. Mtu anayechukua wastani wa kuhitimu wa “shule za mkataba za Kaunti ya Nevada” bila kuitoa shule hiyo anawachanganya vijana wa mbali kabisa na watoto wa Grass Valley, na hitimisho lake litakuwa si sahihi hata kidogo.

Rangi kwenye Dashibodi ya Shule za California zina maana gani?

Tangu 2017 jimbo hutumia rangi tano, kutoka nyekundu iliyo ya chini hadi buluu iliyo ya juu, kuonyesha hali ya shule katika mitihani, utoro wa kupindukia, kusimamishwa kwa wanafunzi na mengineyo. Rangi hujumlisha kiwango cha mwaka huu na mabadiliko kutoka mwaka uliopita, kwa hiyo shule yenye alama za kati inayopanda inaweza kupewa rangi bora kuliko yenye alama hizohizo inayoshuka. Kundi lenye wanafunzi chini ya 30 kwa kawaida halipewi rangi. Shule ndogo ya mashambani inaweza kukosa rangi katika safu nzima, na kukosa huko si sifa wala lawama.

Je, kuna karo au michango?

Karo hakuna. Shule inaweza kuomba mchango wa hiari, na baadhi huomba kwa bidii, lakini haiwezi kuufanya sharti la kuandikishwa, kupata vitabu au kushiriki safari ya masomo. Vivyo hivyo saa za kujitolea kwa wazazi: shule inaweza kuzihimiza, ila kwa sheria ya 2017 lazima iwaeleze wazazi kwamba si sharti. Tangu mwaka wa masomo wa 2022/23 shule za umma za California, zikiwemo za mkataba, hutakiwa pia kutoa chakula bila malipo siku za masomo kwa mwanafunzi anayekitaka.

Mtoto atafikaje shuleni?

Hapa ndipo familia nyingi za mashambani hujikuta zimechagua shule zisizowafaa. Sheria haiilazimishi shule ya mkataba kutoa basi, na nyingi hazitoi. Nevada City na Grass Valley ziko karibu, umbali wa kilomita chache tu, lakini mtu anayeishi North San Juan hushuka na kupanda bonde la mto Yuba Kusini kwa barabara namba 49 yenye kona nyingi, na anayeishi Truckee yuko karibu kilomita 100 kutoka Grass Valley, ng’ambo ya mlima, kwa barabara inayopita juu ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari na inayofungwa mara kwa mara wakati wa theluji. Kwa mkazi wa Truckee, shule za magharibi mwa kaunti ni za kaunti yake kwa ramani tu. Hata wilaya yake ya shule ni nyingine, ile inayoenea katika kaunti tatu kuzunguka ziwa Tahoe.

Piga hesabu ya petroli na muda kwa mwaka mzima, si kwa juma moja la Septemba. Uliza pia shule hufanya nini umeme unapokatwa kwa makusudi kipindi cha upepo na hatari ya moto, kama ilivyotokea Oktoba 2019, na moshi unapotanda. Wazazi wawili wanaofanya kazi za zamu, wenye gari moja, wanapaswa kulipa jambo hili nafasi ya kwanza, mbele ya falsafa ya shule na mbele ya alama. Ushauri huo hautafurahisha kila mtu, lakini mtoto anayekosa siku mbili kila juma hafaidiki na mtaala wowote.

Nafasi hupatikanaje?

Shule ya mkataba hulazimika kumpokea kila anayetaka kujiunga mradi nafasi ipo. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa kura ya bahati hadharani, ambamo wakazi wa wilaya iliyotoa mkataba hupewa kipaumbele, na mara nyingi ndugu wa wanafunzi waliopo pia. Shule hairuhusiwi kudai rekodi za mtoto kabla ya kumwandikisha, wala kumkatisha tamaa mzazi kwa kumwambia kwamba mtoto wake “hatafaa hapa” kwa sababu ya ulemavu, alama au lugha. Wala haihitaji kujua hali ya uhamiaji ya familia: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba watoto hawawezi kunyimwa elimu ya umma kwa sababu hiyo.

Je, shule za masomo ya nyumbani au za mtandaoni ni salama kuzichagua?

Kwa baadhi ya familia ndizo pekee zinazowezekana, hasa kwa wanaoishi mbali msituni, wenye mtoto mgonjwa au wenye kijana aliyeshindwa kuelewana na shule kubwa. Familia nyingi huzitumia vizuri. Hata hivyo ndilo kundi linalohitaji uangalifu kuliko yote, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni matokeo. Utafiti wa kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2023 uliona kwamba wanafunzi wa shule za mkataba nchini Marekani kwa jumla walitangulia kidogo wenzao wa shule za kawaida, lakini waliosoma katika shule za mtandao pekee walibaki nyuma kwa kiasi kinacholingana na siku 58 za masomo katika kusoma na siku 124 katika hisabati. Shule kama Forest si ya mtandao pekee, kwa hiyo takwimu hiyo haipaswi kubandikwa juu yake. Inaonyesha tu kwamba mtoto anayesoma mbali na mwalimu anahitaji mtu mzima wa kukaa naye, na swali la kweli ni kama nyumbani kwako mtu huyo yupo saa nne asubuhi siku ya Jumanne.

Ya pili ni fedha. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa San Diego waliwashtaki watu 11 waliohusika na mtandao wa shule wa A3, kwa madai ya kujipatia fedha za jimbo kupitia wanafunzi ambao baadhi yao hawakuwa wakisoma kitu. Kutokana na hali hiyo California ilizuia kwa miaka kadhaa, kuanzia 2020, kuanzishwa kwa shule mpya za aina hii. Zilizopo hutakiwa kuonyesha kwamba angalau asilimia 40 ya mapato yao ya umma hulipa walimu wenye leseni na asilimia 80 huenda kwenye ufundishaji ili zipate mgawo kamili, na zinaweza kuandikisha wanafunzi wa kaunti yao na kaunti zinazopakana nayo tu. Uliza mwalimu msimamizi ana wanafunzi wangapi, anakutana na mtoto ana kwa ana mara ngapi kwa mwezi, na nani anasahihisha kazi.

Chanjo zinahitajika?

Ndiyo, kwa masomo ya darasani. Tangu 2016 California haitambui tena msamaha unaotokana na imani binafsi. Unabaki ule wa kitabibu. Mwanafunzi wa masomo ya kujitegemea asiyepata mafundisho yoyote ya darasani hahusiki na sharti hilo. Mzazi mwenye mtoto mwenye kinga dhaifu anaweza kuangalia kiwango cha chanjo cha kila shule, kwani idara ya afya ya jimbo hukichapisha, na tofauti kati ya shule na shule katika kaunti hii zimewahi kuwa kubwa.

Mtoto wetu anazungumza Kiswahili nyumbani. Atasaidiwa?

Ukiandika kwenye fomu ya uandikishaji kwamba lugha ya nyumbani si Kiingereza, shule inapaswa kumpima mtoto kiwango chake cha Kiingereza ndani ya siku 30 za kalenda, kisha impangie mafunzo. Usifiche lugha hiyo kwa kuogopa mtoto atatengwa. Sheria ya jimbo huzitaka shule zitafsiri barua zake lugha inapofikia asilimia 15 ya wanafunzi, kiwango ambacho Kiswahili hakitafikia katika kaunti hii, lakini sheria za shirikisho bado zinamtaka mzazi aelezwe mambo muhimu kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo omba mkalimani mapema, kwa maandishi, na usikubali mtoto afanye kazi hiyo. Shule yenye watoto wachache wa aina hii inaweza kuwa na mwalimu mmoja tu mwenye uzoefu nao, au isiwe naye. Uliza waziwazi.

Na mtoto mwenye ulemavu?

Ana haki zilezile kama katika shule nyingine yoyote ya umma, ikiwa ni pamoja na mpango wake binafsi wa elimu. Kinachotofautiana ni nani anayetoa huduma: shule nyingine hutegemea wilaya iliyozipa mkataba, nyingine hujisimamia zenyewe kupitia muungano wa elimu maalumu. Katika kaunti ya mashambani mtaalamu wa matamshi anaweza kuwa anazunguka shule kadhaa, hivyo muhimu ni kujua anafika siku zipi.

Sekondari ya mkataba itamfikisha chuo kikuu?

Vyuo vikuu vya umma vya California huhitaji kozi 15 za mwaka mzima katika maeneo saba ya masomo, na kozi hizo lazima ziwe zimeidhinishwa. Shule ndogo inaweza isiwe na fizikia kila mwaka au isiwe na lugha zaidi ya moja. Omba orodha ya kozi zilizoidhinishwa, hakikisha shule ina ithibati, kisha uliza kama wanafunzi huchukua kozi Sierra College, yenye tawi Grass Valley. Ilinganishe pia na Nevada Union na Bear River, sekondari kuu za wilaya, ambazo kwa ukubwa wake zina masomo na michezo ambayo shule ya wanafunzi wachache haiwezi kumudu.

Nani anazisimamia, na nitajuaje kama shule iko imara?

Msimamizi ni yule aliyetoa mkataba, naye anaweza kutoza hadi asilimia 1 ya mapato ya shule kwa kazi hiyo, au hadi asilimia 3 akiipa majengo karibu bure. Kwa wilaya ndogo fedha hizo si haba, na mwaka 2017 Mkaguzi wa Jimbo alizikosoa baadhi ya wilaya za California kwa kutoa mikataba nje ya mipaka yake na kuisimamia kwa ulegevu. Usione aibu kuuliza nani alitoa mkataba na mara ya mwisho alikagua nini.

Mkataba wa kwanza hudumu hadi miaka mitano. Kwa sheria ya 2019, shule yenye matokeo ya juu inaweza kuongezewa miaka mitano hadi saba, ya kati mitano, na ya chini kwa kawaida haiongezewi, ingawa inaweza kupewa miaka miwili ya kujirekebisha. Tafuta mwaka ambao mkataba unaisha, kisha soma waraka wa maombi ya kuuongeza. Humo shule hueleza udhaifu wake yenyewe kwa ukweli ambao hauumo katika vipeperushi. Mikutano ya bodi iko wazi kwa umma, na kumbukumbu zake hupatikana. Idadi ya wanafunzi ikishuka mwaka hadi mwaka, jua kwamba na fedha zinashuka, kwa kuwa mgawo wa jimbo hufuata mahudhurio ya kila siku.

Tukibadili mawazo katikati ya mwaka?

Shule ya wilaya unayoishi lazima imkubali mtoto wako wakati wowote, ingawa huenda si katika jengo lililo karibu nawe. Kurudi katika shule ya mkataba uliyoiacha ni jambo jingine, kwani unaweza kuanzia kwenye orodha ya wanaosubiri. Kwa mwanafunzi wa sekondari, hamisheni mwishoni mwa muhula ikiwezekana, na mchukue nakala rasmi ya alama siku ileile mnapoondoka, hasa pale shule mnayoiacha inapotumia maelezo ya mwalimu badala ya herufi au namba.